Rosalind Aanza na Dhahabu

Rosalind Pettifer wa mjini Ely aliishi kwa kazi ambayo wengi hudhani ilikufa na watawa wa kale: kupamba vitabu vya kanisa kwa rangi na dhahabu. Kazi hiyo ina kitenzi chake cha Kiingereza, limn, chenye asili katika neno la Kilatini la kutia nuru. Zamani kilikuwa cha brashi tu. Baadaye watu wakakitumia hata kwa kueleza sura ya kitu kwa maneno. Maana hiyo ya pili Rosalind hakuwa na shida nayo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na aliridhika hivyo.

Kisha mumewe, Alban, akapoteza macho.

"Hebu nieleze bustani," Alban alimwambia asubuhi moja, kikombe cha chai mkononi.

"Kuna uzio wa mbao. Ubao mmoja umelegea. Pembeni kuna ndoo..."

"Ros, mpenzi, kwa mwendo huo nitafika kwenye mawaridi nikiwa kaburini."

Alban alicheka. Rosalind aliumia. Jumamosi binti yao Tamsin alikuwa anaolewa, na Alban aliomba kitu kimoja tu: amwone bibi harusi kwa maneno ya mkewe. Je, akishindwa?

Akarudi kwenye meza yake ya kazi, kanuna. Akapumulia gundi ilainike, akabandika dhahabu, ndipo akafungua vikopo vya rangi. Dhahabu hutangulia siku zote. Ikichelewa hunata kwenye rangi na kuharibu ukurasa mzima. Mkono ukasimama. Mbona kwa maneno alikuwa akianzia pambizoni?

Jumamosi, mlangoni pa kanisa, Alban alimshika Tamsin mkono, tayari kumwingiza ndani.

"Haya, Ros. Gauni likoje?"

"Achana na gauni. Anaogopa, lakini ana furaha. Ameuma mdomo wa chini, upande wa kushoto, kama wewe siku ile ulipoomba kunioa."

"Mama, nakusikia," Tamsin alinong'ona.

Alban aliinua kidole gumba, akakiweka juu ya mdomo ule, upande wa kushoto, bila kupapasa.

"Nimemwona," akasema. "Twende, binti yangu."