Mwalimu Aliyekula Saa ya Dada Yangu

Mwalimu wetu wa darasa la nne alinukia sabuni. Naanza na harufu hiyo kwa makusudi, maana kiangazi kile kijiji chetu kizima hakuna mtu mwingine aliyenukia sabuni. Visima vilikauka, kikabaki kimoja tu kule mbugani, nacho maji yake unayangoja yachuruzike mchangani kama unavyomngoja mwenye kigugumizi akutajie jina lake. Sisi tulinuka moshi, tukanuka mbuzi na michembe ya viazi iliyoanikwa juu ya mawe, tukanuka vumbi la ile njia ya zamani ya misafara, ambayo babu zetu waliipita na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani, na sasa ilikuwa imebaki ya ng'ombe, baiskeli na watoto wa shule. Lakini Mwalimu akija asubuhi, kaptula imenyooka kama karatasi, soksi mpaka magotini, harufu ya sabuni inatangulia kuingia darasani, yeye anafuata nyuma kama mpagazi wake. Tulimwona mtu wa ajabu. Hakuna aliyejiuliza maji anayaoga ya wapi.

Alikuwa amerudi kutoka vita vya Wajapani kule Bama, ambako kwa kadiri tulivyojua hakumpiga mtu risasi. Alikuwa karani wa stoo. Vita vikampa viatu, sauti ya kwata na saa ya mkononi, na kati ya hivyo vitatu saa ndiyo iliyotutesa zaidi. Mimi nilimpa jina Mwalimu Dakika, likaenea mpaka kwa wazazi. Kila asubuhi alitusimamisha mstarini akatuhubiria habari za muda: wakati ni ukuta, chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na nyingine alizozitunga mwenyewe hazina kichwa wala miguu. Halafu akatufundisha kuchora siku. Unachora duara kubwa chini, kwenye mchanga wa uwanjani, unalikata vipande kama boga: hapa nalala, hapa nakula, hapa niko shule, hapa nasoma nyumbani. Sisemi somo lilikuwa baya. Somo lenyewe lilikuwa zuri, hata leo ningemfundisha mtoto wangu. Ila kisu kizuri nacho unauliza kwanza kimeshikwa na nani.

Mwaka ule ndio uliokuwa mlango wetu. Ukipita mtihani wa darasa la nne unakwenda darasa la tano, Tabora mjini, unalala bweni na kula wali siku ya Jumapili. Ukishindwa, jembe linakungoja nyuma ya mlango, nalo halina mtihani wa marudio. Mwalimu Dakika akatangaza kwamba yeye hapeleki Tabora mtu wa kumwaibisha: ambaye boga lake halina kipande cha kusoma, jina lake haliandiki. Akaanza kupita, mikono nyuma, fimbo kwapani, anakagua maboga yetu mmoja mmoja mpaka akafika kwa dada yangu Kabula.

Kabula alinizidi mwaka mmoja, tukasoma darasa moja kwa sababu alichelewa kuanza, kwa sababu ambazo msichana yeyote wa kwetu atakwambia bila kuulizwa. Hesabu alikuwa anazipiga kichwani wakati sisi bado tunatafuta vidole. Kama palikuwa na mtu wa kwenda Tabora katika darasa lile alikuwa yeye, na hata mbuzi waliopita dirishani walijua hivyo.

"Kabula, kipande chako cha kusoma kiko wapi?"

"Sina, Mwalimu."

"Huna? Mungu amewagawia watu wote siku iliyo sawa. Wewe yako umeipeleka wapi?"

"Imekwenda kisimani, Mwalimu."

Darasa likaangua kicheko, maana walidhani ametania. Mtaniaji katika familia yetu ni mimi. Kabula hakutania, alijibu alichoulizwa. Akala fimbo mbili za kiganja. Kisha Mwalimu akasogea kwenye boga langu, ambalo lilikuwa na kipande cha kusoma, kipande cha kupumzika, na kipande kinene kabisa cha kutega ndege. "Haya, mtazameni Masanja," akasema. "Nyumba moja, mama mmoja, chungu kimoja. Huyu anajua kupanga muda, dada yake hajui." Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, na mpaka leo inakula vizuri na haijaugua hata siku moja. Maana mimi sikuwahi kupanga kitu. Nilikuwa naamka nakuta uji. Mama alikuwa amejifungua pacha, Kulwa na Doto, wanalia kwa zamu kama wamegawiana lindo; Baba alikuwa Kaliua na gengi la kujenga reli ya Mpanda; kwa hiyo maji, kuni, kutwanga mtama na kumbeba Doto vyote vilikuwa shingoni mwa Kabula. Wazee wa kwetu waliobeba mizigo njia nzima wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwalimu Dakika alilitazama kanda, akampiga aliyelibeba.

Jioni nikamwambia Mama kwamba kuanzia kesho maji nachota mimi na mtama natwanga mimi, Kabula apate saa yake moja ya kusoma asubuhi. Mama akaniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina homa. "We Masanja, nani kakuroga?" Nikamwambia hakuna mchawi anayehangaika na mtu wa darasa la nne. Akacheka, Doto akalia, mambo yakapita. Sasa mtu asikudanganye kwamba mchi ni mchezo. Siku ya kwanza nusu ya mtama iliruka kwenda kwa kuku, na kuku wetu wakawa wananifuata kila niendako kama Masihi. Na kisimani! Wavulana walikaa pale njiani kwa ajili yangu tu, wakaniona nakuja na ngata ya majani kichwani na debe juu yake, shingo imekakamaa.

"Shikamoo, bibi harusi!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Kamwambie mama yako nimeshachota, aje anisugue mgongo."

Walinizomea mpaka wakachoka, nami nikawajibu mpaka nikachoka, na debe likamwagika nusu kwa sababu huwezi kutukana vizuri bila kutikisa kichwa. Lakini saa ikapatikana. Kabula akawa anafika shuleni kabla ya kengele, anakaa chini ya upenu wa darasa, kitabu magotini, midomo inacheza. Mara moja nilimkuta hivyo nikapita mbali kwa kunyata, mimi ambaye sijawahi kunyata hata kwenye nyumba yenye msiba. Alikuwa na sura ambayo nyumbani sikuwahi kuiona. Alikuwa kama mtu aliyekaa kwenye kiti chake mwenyewe.

Haikufika wiki mbili, akaanza kuingia darasani amelowa mabega. Nikamuuliza, akafungua kitabu. Nikauliza tena wakati wa mapumziko, nikashika mkono wake, nikahisi harufu. Sabuni. Akanieleza kwa kifupi, kama anavyoeleza hesabu. Mwalimu alikuwa amemwona pale upenuni, akamsifu. "Kabula, siku hizi unawahi. Umejifunza kupanga muda. Vizuri sana. Basi, kwa kuwa nafasi unayo, chukua hii ndoo." Ya kwanza ilikuwa ndoo ya kuoga. Kesho yake ndoo na unga wa kusaga. Kesho kutwa ndoo, unga, na kupiga pasi ya mkaa ile kaptula iliyokuwa ikitushangaza. Ile saa niliyoinunua kwa shingo yangu na kwa heshima yangu yote ya kiume, Mwalimu Dakika aliiona imekaa bure, akaikalia. Anayetufundisha kwamba wakati ni mali alikuwa amejua mali ya nani.

Nikamweleza Mama, nikidhani atavaa khanga aende akamtoe mtu meno. Mama akaendelea kunyonyesha. "Mwalimu ni mzazi wa pili," akasema mwishoni. "Na ukimnyima maji, atamnyima mtihani." Kwa hiyo Kabula akaendelea kuchota.

Basi akaja mkaguzi wa shule kutoka mjini, Mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha kwenye kitabu, gari lake limejaa vumbi na yeye amelibeba lililobaki. Mwalimu alitaka kumwonyesha kile anachojivunia. Akaniita mimi ubaoni, mwanafunzi wake wa mfano, nichore boga langu. Nikachukua chaki, nikachora duara safi kabisa, nikalikata vipande, nikaandika kwa herufi kubwa: kuchota maji ya Mwalimu. Kusaga unga wa Mwalimu. Kupiga pasi kaptula ya Mwalimu. Kumbeba Doto. Kulala kidogo.

"Hii ni siku ya nani?" mkaguzi akauliza.

"Ya dada yangu, bwana. Yangu ni fupi. Mimi nategatega ndege."

Wenzangu wakapasuka kwa kicheko. Nikamtazama yule Mzungu, na nakiri nilitumaini, maana nilidhani mtu akitoka mbali namna ile amekuja kuona. Alilitazama boga. Alilisoma, midomo yake niliiona ikitembea. Kisha akatazama saa yake, akasema ratiba inambana, ana shule nyingine kabla ya jua kuzama. Akasemezana na Mwalimu kwa Kiingereza, wakacheka kidogo wote wawili, kile kicheko cha watu wenye saa, na gari likaondoka.

Fimbo nilizokula sitazieleza, nilizistahili kama ushahidi ni kosa. Nikaambiwa mtihani nisahau, mtovu wa adabu hapelekwi Tabora. Asubuhi iliyofuata Kabula alikwenda na ndoo kama kawaida. Nilikuwa nyuma yake na debe letu, kwa hiyo nilisikia. Alisimama mlangoni kwa Mwalimu, ndoo ingali kichwani, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amethubutu kumuuliza.

"Mwalimu, jina langu lipo?"

Mwalimu alikuwa anafunga saa yake mkononi. Hakukasirika hata kidogo. Alisema kwa upole, upole ambao malipo yake bado namdai. "Kabula, binti yangu, darasa la tano lina masomo mengi. Wewe hutapata muda."

Kabula aliishika ndoo kwa mikono miwili, akaishusha taratibu mpaka kifuani, akaimwaga pale pale kizingitini. Maji ya kiangazi kile! Ardhi iliyanywa kwa sauti, kuku wakaja mbio. Akaiweka ndoo chini, akapiga goti kama inavyopasa kwa mkubwa, akasema, "Kwaheri, Mwalimu." Akageuka akapita mbele yangu kurudi nyumbani. Njiani nikajaribu kumwomba radhi kwa yale ya ubaoni. Akanikata, "Usijitukuze, Masanja. Si wewe uliyenifukuza." Huo ndio ukawa mwisho wa shule kwa wote wawili, na ndiyo maana maandishi yangu haya hayana Kiingereza ndani yake.

Sasa mimi ni fundi cherehani hapa Tabora mjini, barazani kwa Mwarabu mmoja, na mjini tuna mabomba, na wanasiasa wanapita wakisema uhuru uko njiani. Wakimaliza uhuru wanatuhubiria: vijana wa siku hizi hawajui thamani ya wakati, wanafunzi wapangiwe ratiba. Watu wanapiga makofi. Mimi sipigi. Nataka kwanza mtu asimame aniambie katika hiyo ratiba nani anatwanga. Mtoto wa kiume wa karani, ambaye nyumbani kwao kuna mpishi na dobi, anaamshwa, anaogeshwa, anafika shule mapema, halafu anapewa zawadi ya nidhamu; na binti aliyekwisha fanya kazi ya watu wawili kabla jua halijachomoza anasinzia dawatini, anaitwa mvivu. Na sasa mahubiri hayo wanayatia vitabuni.

Kabula aliolewa na mtu wa reli, yuko Kaliua. Mwezi uliopita nilipanda treni kwenda kumwona, nikamkuta mbele ya shule ya pale na sinia la maandazi. Binti yake amekwisha anza darasa la kwanza. Nikamwambia dada, biashara hii haina faida, watoto hawa hata thumuni hawana. Akasema, "Nani kakwambia nafanya biashara? Nakaa hapa nione anatumwa na nani."

Hatukukaa sana, akatoka mwalimu mmoja kijana, anatabasamu, amebeba gunia la karanga, akawaita wasichana watatu, yule mpwa wangu akiwemo, wakamenye karanga nyumbani kwake. Kabula akainuka, akajipangusa unga mikononi.

"Mwalimu, habari za asubuhi. Hizo karanga lete hapa, nitakumenyea mimi. Mimi sina kipindi. Watoto wana kipindi. Na wewe unacho."

Yule kijana alisita, akatazama huku na huku, akaliweka gunia miguuni pa Kabula, akaingia darasani na wasichana wake. Nilicheka, nikasema dada, umemweza, sasa mwachie gunia lake lilale hapo mpaka jioni. Kabula hakucheka. Alikaa, akalivuta gunia katikati ya magoti, akaanza. Alimenya mpaka mchana, maganda yamemfikia vifundoni, vidole vimemvimba, maandazi yamepoa hayajauzwa, na kila sauti ya binti yake ilipopanda dirishani ikisoma a, e, i, o, u, mikono yake ilizidi kwenda mbio. Nikavuta kiasi nimsaidie. Tukamenya pamoja, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilizivunja punje nyingi.