Redio Tatu za Mama Georgette

Katika mji wetu wa Baraka, pale kando ya ziwa, miaka ile ya themanini, kuchagua redio ilikuwa kazi nzito kuliko kuchagua mume. Mume, ukoo unakusaidia: watauliza wazazi wake ni nani, kama ana mkono mwepesi wa kupiga, kama kwao kuna uchawi. Redio ilivuka ziwa ndani ya katoni, haina mjomba wala shangazi, na yule anayekuuzia ndiye huyo huyo anayekushauri. Mimi Émilienne nilimwona jirani yangu akihangaika na redio tatu, mpaka nikataka kuzitupa zote majini.

Jirani mwenyewe aliitwa Godelieve, lakini jina hilo lilikuwa la ubatizo, na serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya Wazungu. Hata kanisani tulilitamka kwa sauti ya chini. Sisi tuliomzoea tulimwita Mama Georgette, kwa jina la binti yake wa pekee, ambalo nalo lilikuwa la marufuku, lakini nani angekuja kuwasikiliza wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, pale ufukweni? Mwaka ule wa kubadili majina alipanga mstari kama sisi wote. Shemeji yake akamchagulia jina la ukoo, karani akaliandika, akapewa kadi ya uraia. Aliifunga ndani ya kitambaa akaiweka chini kabisa ya sanduku. Hakuna aliyemwita jina hilo, na yeye mwenyewe hakulifikiria tena.

Alikuwa mjane mwembamba, mkaidi, mwenye kicheko cha kusikika mitumbwini. Jambo moja tu lilimnyima kicheko. Georgette alikuwa amezaliwa porini wakati wa vita vya waasi, watu wote wakikimbia, na Mama Georgette alijifungua peke yake chini ya mti, mama yake hayupo, akakata kitovu kwa kipande cha tete. Mara nyingi alinisimulia habari hiyo, na kila mara alimaliza kwa kuapa kwamba binti yake hatazaa bila mama. Sasa Georgette ameolewa mjini Bukavu na ana mimba ya kwanza.

Utasema, kwa nini asiende tu? Wewe huyajui mambo yetu. Kwetu mama mkwe haendi kujikalisha nyumbani kwa mkwe wake bila kuitwa. Ni aibu itakayosimuliwa mpaka wajukuu wazeeke. Tena hatamki jina la mkwe wake, wala haliulizi. Yule kijana alikuwa akiitwa Roger zamani, kabla ya mambo ya majina. Baada ya hapo anaitwaje, Mama Georgette hakujua na hakutaka kujua. Kwake alikuwa "mukwe wangu", basi. Wakapatana hivi: siku zikikaribia, mkwe atapeleka tangazo kwenye redio ya Bukavu, kama watu wote walivyofanya kwa misiba na magonjwa, na Mama Georgette akisikia atapanda lori. Barua zilipotea njiani siku hizo. Redio ilimfikia kila mtu, ilimradi uwe na redio.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Nikamsindikiza dukani kwa Jacques.

"Mama Georgette, unatafuta radio ya namna gani?" Jacques akauliza. "Hii iko kidogo, inakula mawe mbili tu, betri mbili. Hii kubwa iko na kaseti. Utapiga muziki, bantu ba kartiye, mutaa yote, batajaa kwako."

"Mi sitafute muziki. Natafuta ile itaniambia mutoto wangu iko karibu kuzaa."

"Zote zinasema, mama."

"Naona zinasema. Lakini gani itasema na mimi?"

Jacques alikuna kichwa, kisha akatoa katoni nyingine. Ndani mlikuwa na vidude viwili vyeusi, pacha, kila kimoja na antena ndefu. "Hizi ni za kusemeshana. Weye unashika moja, mutoto anashika ya pili, munaongea."

Macho ya mwenzangu yakang'aa. "Mpaka Bukavu?"

"Mpaka... tuseme, mpaka pale kwenye mitumbwi."

"Pale nitamuita na kinywa yangu!"

Norbert, katekista wa kanisa letu, alikuwa pale dukani; yeye alikuwa na redio kwake na kwa hiyo alijiona fundi wa redio zote za dunia, akasogea na kunong'ona: "Mama, acha hizo. Basoda bakikukuta nazo, batasema unasemesha bale ba maquis kule mulimani." Aliposikia askari na waasi, Mama Georgette akavirudisha upesi mezani, akajifuta mikono kwenye kitenge. Kisha Norbert akaanza somo. Alisema kuna mawimbi ya kati na mawimbi mafupi, na kwamba mawimbi mafupi ndiyo yanayokwenda mbali.

"Mafupi yanaenda mbali?" Mama Georgette akauliza.

"Ndiyo, njo vile."

"Na marefu?"

"Yanabakia karibu. Karibu-karibu."

Mama Georgette akanitazama kwa mashaka. Mimi nikamwambia kwa sauti kwamba mtu huyu amelewa, na tukachukua ile ndogo ya mawe mawili, tukamlipa Jacques kwa ndagala.

Ile ndogo ilishika Bujumbura, ikashika Tanzania ng'ambo, waziwazi, kama watu wale wamekaa kitandani. Bukavu, mji wa nchi yetu wenyewe, ilitoa sauti ya samaki wanaokaangwa. Siku chache baadaye tuliirudisha. Jacques akatupatia ya pili, ya mawimbi mafupi, tukamwongezea ndagala, na Norbert, bila aibu ya kujisifu, akaja kuitengeneza. Alifunga waya juu ya paa akauvuta mpaka kwenye nguzo ya kuanikia samaki. Nakubali, sikupenda, lakini Bukavu ikatoka. Tangu siku hiyo, kabla ya habari za jioni, tulikaa uani sisi wawili, na mtu akipita na kusalimu hatukumwitikia.

Matangazo yalikuwa mengi. Fulani amefiwa. Fulani asafiri upesi. Fulani, aliyetoroka na ng'ombe wa watu Minembwe, ajitokeze. Jioni moja sauti ikasema: raia Mlondani Etabo, wa Bukavu, anamwomba raia Wabiwa Asende, wa Baraka, afike haraka, familia inamhitaji.

"Masikini," Mama Georgette akasema. "Mama wa bantu iko na kilio. Unamujua?"

Simjui, nikasema. Baraka ilikuwa na akina Wabiwa wengi, na huyu hakuwa mwenzetu wa ndagala. Tukamwombea, tukaendelea kusubiri la kwetu.

La kwetu halikuja. Wiki ikapita. Wabiwa akaitwa mara ya pili, na Mama Georgette akaanza kuchanganyikiwa kweli. Kwa nini la Wabiwa linafika na la kwake halifiki? Norbert akasema labda mawe yamechoka. Tukayaanika juani pamoja na samaki ili yapate nguvu, na jioni redio ikapiga kelele zaidi, lakini jina la Mama Georgette halikutajwa. Mwenzangu akakata shauri kwamba redio ile inachagua. Inashika matangazo ya wengine na kuyaacha mengine yapite juu ya paa yaende Lulimba. Nikamwambia redio haina tabia hiyo. Akaniuliza, kama haina, mbona basi ile ya kwanza ilikuwa inapenda Bujumbura? Nilikasirika, nikaenda kugeuza ndagala.

Akarudi kwa Jacques kuchukua ile kubwa yenye kaseti na midomo miwili ya kutolea sauti. "Mchagua jembe si mkulima," nilimwambia njiani. Alikuwa akihesabu kwa vidole miezi ya mimba, na mara hii niliona hofu usoni pake. Nikamsaidia kubeba.

Ile kubwa ilisikika mpaka mtaa wa tatu. Watoto walikuja kucheza dansi, tukawafukuza. Na jioni yake, kwa midomo yote miwili, sauti ikasema raia Wabiwa Asende, wa Baraka, anaombwa kwa mara ya mwisho afike Bukavu bila kukosa.

Mama Georgette akasimama. "Lakini huyu mama iko na roho mubaya! Banamuita, banamuita, na yeye iko anakaa! Mimi nikiitwa namna ile, hata kwa miguu ningeenda!"

Jumapili alifanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nacheka, kisha nataka kulia. Baada ya misa aliinuka mbele ya akina mama wote akatangaza kwamba kama kuna mtu anaitwa Wabiwa, aende Bukavu, familia inamwita, aache ugumu wa moyo. Bibi mmoja kiziwi, naye Wabiwa, akasukumwa na wajukuu zake asimame. "Bukavu?" akasema baada ya kupigiwa kelele sikioni. "Mi siko na muntu Bukavu. Nilienda kule wakati ya Babeleji, baridi ikanifukuza." Kanisa zima likacheka. Mama Georgette hakucheka.

Baada ya hapo hakulala vizuri. Aliniambia anakwenda Uvira, kwenye maduka makubwa, na redio hii ataibadilisha kwa nyingine ambayo haitamficha neno la mtoto wake. Ilikuwa upumbavu, na nilimwambia ni upumbavu. Lakini ningemwachaje aende peke yake? Nilifunga mzigo wa ndagala, yeye akafungua sanduku akatoa kadi ndani ya kitambaa, kwa sababu barabarani bila kadi hupiti, tukapanda lori. Alikuwa amepakata redio mapajani kama mgonjwa.

Karibu na Swima palikuwa na kizuizi cha askari. Wakatushusha wote. Askari mmoja kijana akakusanya kadi zetu, akaenda nazo kibandani, akarudi baada ya muda, akaanza kuita majina ili kila mtu achukue yake. Watu waliitika mmoja mmoja. Nami nikaitwa, nikachukua yangu. Mwishoni akabaki na kadi moja mkononi.

"Citoyenne! Raia Wabiwa Asende!"

Hakuna aliyeitika.

Mama Georgette akaruka kwa furaha. Aligeuka nyuma, akaanza kuwatazama wanawake wote wa lori, mmoja baada ya mwingine. "Wabiwa! Yaya Wabiwa, dada yangu, itika basi! Banakuita ku radio tangu zamani! Enda Bukavu, yaya, bantu bako banakungojea!"

Askari aliitazama picha ya kadi, kisha akamtazama yeye. "Mama, kuya hapa. Hii picha ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Na hii kadi?"

"Ni kadi yangu. Nilitoa mu sanduku yangu."

"Basi Wabiwa ni nani?"

Watu wa lori waliangua kicheko. Mimi pia nilianza kucheka, halafu nikaacha, kwa maana nilimwona akikaa chini barabarani, taratibu, redio ikiwa mikononi mwake. Alitazama kadi muda mrefu ingawa hakujua kusoma. Kisha akaniambia, mimi tu:

"Émilienne. Ule mama ya roho mubaya, kumbe njo mimi."

Uvira hatukutazama duka hata moja. Ndagala zangu nilimtupia mwanamke wa kwanza aliyezitaka, tukatafuta gari la Bukavu. Njia nzima, katika makorongo yale, alikuwa akiuliza swali moja: amezaa au bado? Nilimwambia bado. Nilijua kwamba sijui, naye alijua kwamba sijui, lakini aliendelea kuuliza, nami niliendelea kumjibu.

Tulipofika, mkwe alitupokea mlangoni ameinamisha macho, kama adabu inavyotaka, akatuonyesha chumba, akaondoka. Georgette alikuwa amekaa kitandani amefungwa tumbo kwa kitambaa. Si mama yake aliyelifunga. Ni jirani, mwanamke wa Kishi, kabila la kule, ambaye hata lugha yetu hakuijua. Kando yake kulikuwa na mtoto.

"Mama, haukusikia?" Georgette akauliza. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Siku mbili nilikuwa na uchungu. Nilikuita mpaka sauti ikakauka. Tulitoa tangazo mara tatu."

"Nilisikia, mutoto wangu," Mama Georgette akasema. "Yote tatu nilisikia."

Ikabidi mimi nieleze, kwa sababu mwenzangu alishindwa. Georgette naye akaeleza. Mume wake, yule Mlondani wa redioni, alitaka wamwite Mama Georgette, lakini kule kwenye redio walimwambia majina ya Wazungu hayasomwi, alete jina la kadi. Georgette alilijua, kwa sababu utotoni alitumwa mara moja kuichukua kadi ile sandukuni. "Mi nilizani kila muntu anajua jina yake," akasema, na sasa ndipo machozi yakamtoka. "Haukukuya. Nikasema, ao mama amenikasirikia, ao mama alikufa. Njo nikampa mutoto jina. Nikasema, kama alikufa, jina ibakie."

Mama Georgette alikuwa amesimama katikati ya chumba na redio ile kubwa kichwani. Hakuna aliyekumbuka kumtua. Nikaipokea nikaiweka chini. Alinawa mikono, akajifuta mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mtoto akaanza kulia.

"Wabiwa," Georgette akaita polepole, akimwinamia mtoto. "Wabiwa, nyamaza."

Na mwenzangu, ambaye redio tatu zilishindwa kumfanya aitike, akaitika kabla hajakumbuka kwamba si yeye anayeitwa.