Chuma Kilichonyimwa Baridi

Numa Perrenoud alikuwa fundi wa kugumisha chuma katika karakana ya vipimo, vile vipande vya chuma vya kupimia urefu, hapa kwetu La Brévine, kijiji cha baridi kali. Alikipasha moto mpaka kiwe chekundu, akakizamisha ghafla kwenye mafuta. Lakini chuma kikitoka hapo, sehemu yake ya ndani bado haijageuka. Ukiiacha, itageuka yenyewe polepole, mwaka hadi mwaka, na chuma kitavimba. Baridi kali huimaliza kazi hiyo mapema, ndiyo maana Numa alivilaza vipimo nje kwenye barafu siku kadhaa.

Mwaka mmoja baridi ilichelewa. Msimamizi alihimiza, na Numa akatia sahihi kwamba vipimo vimelala nje. Havikulala. Rosine Matthey, mkaguzi wetu, alivipima akavikuta sawa, navyo vikaenda kwa wateja.

Baada ya miezi kumi na minne vilirudishwa, vyote vimezidi urefu kwa unene wa unywele. Ikasemwa macho ya Rosine yamechoka, akafukuzwa. Aliapa kwamba alipima sawasawa. Numa alikuwa amesimama palepale, na hakufungua kinywa.

Kipimo kimoja cha fungu lile alibaki nacho, ndani ya kisanduku kwenye kabati lake la karakana. Kila mwezi alikipima. Hakuna aliyekigusa, nacho kilikuwa kikikua. Nyumbani aliacha kula vizuri. Mkewe, Estelle, alisema mumewe hukatiza maneno katikati na kugeukia kabati la vyombo, kana kwamba kuna mtu ndani anayejinyoosha.

Mwaka wa kumi na moja alikichukua akaenda jikoni kwenye nyumba ya wageni, ambako Rosine alikuwa akimenya viazi. Akamweleza yote.

Rosine hakuweka kisu chini. “Nilijua macho yangu ni mazima,” alisema. “Lakini miaka kumi na moja, Numa. Hata mimi mwisho niliamini nimekosea. Niliacha hata kudarizi.”

“Nitamwambia mkurugenzi.”

“Mwambie. Na mimi nataka kukipima mwenyewe.”

Wakaenda pamoja hadi karakana. Rosine aliinama kwenye mashine ya kupimia, akasoma tarakimu kwa sauti mbele ya wote, bila miwani. Numa aliachishwa kazi wiki ileile. Rosine aliombwa arudi, akakataa.

Kanisani Rosine humwitikia Numa salamu. Mkono hampi. Na Numa, tukipita kwake, bado tunamkuta amekaa ameelekeza sikio kwenye kabati la vyombo.