Tovuti ya Biashara Yangu Iko Mkononi mwa Shemeji

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana huku Parklands tunajuana mpaka rangi za mapazia. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa, nina watoto watatu. Kazi yangu ni kupika. Sina mkahawa, napika nyumbani chakula cha kupelekwa: biriani, mahamri, viazi karai, na ikifika Ramadhani, futari za maofisini. Wateja wangu wengi wako Upper Hill na kwenye manyumba ya Kitisuru, watu ambao hawana nafasi ya kupiga simu kuulizia. Wanafungua tovuti, wanachagua, wanaagiza. Tovuti ikilala, na mimi nimelala. Nawaandikia nikiwa nimechoka, mnisamehe nikirudiarudia.

Tovuti yenyewe alinitengenezea shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Nimwite Swaleh. Alikuwa amemaliza kusomea kompyuta, yuko nyumbani tu, na mama mkwe akaniambia, "Kazi haitoki nje na mtu yuko ndani." Kwetu ndivyo ilivyo. Fundi ni mjomba, mshonaji ni shangazi, na ukimpa mtu baki kazi ambayo wa nyumbani anaiweza, umemtukana. Nikampa kwa moyo mkunjufu. Akaitengeneza ikapendeza, wallahi siwezi kumdhulumu kwa hilo. Lakini kuitengeneza ni kazi moja, na kuiweka hewani kila siku ni kazi nyingine. Yeye aliihifadhi kwa rafiki yake mwenye kijisehemu kwenye seva ya watu, na huyo rafiki hata simu hapokei.

Basi ikawa inaanguka. Asubuhi ipo, adhuhuri haipo. Nikimpigia Swaleh ananiambia, "Tulia shemeji, ni seva tu." Siku nyingine ananiambia wanaifanyia ukarabati. Nimetulia mpaka nimekuwa kama maji ya mtungini. Barua pepe za biashara nazo ziko humohumo, kwa hivyo ikianguka inaanguka nazo. Mwezi uliopita nilikutana na dada anayeagiza chakula cha ofisi moja ya Upper Hill, mteja wangu wa zamani. Akaniambia, "Ai, mama, kumbe uko? Tulikutumia email mara mbili zikarudi. Tukajua ulihama, tukatafuta mtu mwingine." Nilicheka, nikamwambia nipo. Nilipofika kwenye gari nikalia.

Hapo ndipo nilipoamua kutafuta kampuni ya kueleweka. Niliwauliza wafanyabiashara wenzangu wanahifadhi tovuti zao wapi, wakanielekeza kwa watu wenye ofisi mjini kati. Nilitaka ofisi ninayoweza kuiendea kwa miguu yangu, nikikwama nijue nakaa mbele ya nani. Mama wa pale hakuniuzia maneno matamu. Akanieleza kwamba wanaweka nakala ya tovuti kila siku, simu inapokewa hata Jumapili, na kuhama si kazi kubwa. Kisha akaniuliza, "Jina la tovuti, lile wanaloandika wateja kuifungua, limesajiliwa kwa nani?" Nikamwambia kwangu, si ni jina la biashara yangu? Akasema nihakikishe. Nikampigia Swaleh palepale.

"Liko kwangu, shemeji," akasema. "Kwani kuna nini?"

Yule mama akanieleza taratibu kwamba bila Swaleh kuliachilia, hawawezi kulihamisha. Naweza kuanza na jina jipya, lakini hili ndilo wateja wanalolijua, na limepigwa chapa kwenye kila kasha la chakula.

Jioni ile nikaitwa kwa mama mkwe. Swaleh alikuwa ameshatangulia, ameinamia simu. Mama akasema, "Mwanangu, subiri nikahi ya mwenzio ipite." Kumbe siku ya posa ya Swaleh wazee wa msichana waliuliza bwana harusi anafanya kazi gani, naye akatoa simu akawaonyesha tovuti yangu. Akawaambia anatunza tovuti za wafanyabiashara. Anayo moja tu, ni hiyo yangu. "Ukimnyang'anya leo watauliza kwa nini," mama akasema. "Utamvunjia ndoa? Na zimwi likujualo halikuli likakwisha." Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anakuna ndevu.

Nikauliza nikahi ni lini. Baada ya Ramadhani. Jamani, maofisi yanachagua mpishi wa futari sasa hivi, wengine washachagua. Ramadhani ndiyo inayonibeba mimi na kina mama wawili ninaopika nao. Nikakubali, kwa sababu nilichoka kubishana na watu watatu.

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye kisomo cha khitma hapa Parklands. Mama yake bibi harusi akaja akanishika mikono yote miwili. "Pole mwanangu," akaniambia. "Tulitaka kuifungua tovuti yako tuwaonyeshe jamaa zetu, haikufunguka. Swaleh akatuambia umefunga biashara, mikono inakuuma." Mama mkwe alikuwa ubavuni pangu, akanifinya kiunoni. Nikasema, "Alhamdulillahi, naendelea vizuri." Nilikasirika mpaka masikio yakaziba.

Jana mama mkwe kaniambia upande wa msichana wameshapata mpishi wa harusi. Kazi hiyo yeye mwenyewe alikuwa ameniahidi mimi tangu siku ya posa. Hawakutaka kunisumbua na maradhi yangu. "Shukuru," akaniambia, "utapumzika."

Nyinyi ni wengi na mna busara, nami akili yangu imefika ukingoni. Nisimame niseme ukweli, nidai jina langu, nikahi ya watu ikivunjika niitwe mchawi wa nyumba hii? Au ninyamaze, niende nikakae kwenye harusi ya shemeji yangu na mikono yangu mizima, nile biriani ya mwenzangu huku watu wananipa pole? Nishaurini, maana hata mume wangu namuuliza, naye ananijibu, "Subiri kidogo."