Ufutio Uliofufua Kompyuta

Juzi kazini nilimwona fundi akisugua kijiti cha memori ya kompyuta kwa ufutio wa penseli, nikacheka peke yangu.

Nilipokuwa mtoto, Mama alikuwa na duka la kuchapa barua pale mtaa wa Muhima, lenye harufu ya wino na vumbi lililopata moto, na kompyuta moja tu, kuukuu. Mchana mmoja aliipachikia memori na kadi ya kuonyesha picha kwenye kioo. Ikalia mlio mrefu, kioo kikabaki cheusi. Jirani yetu, muuza simu, akachungulia mlangoni.

"Mama Keza, hii mashini imekufa. Uza kwa watu wa vyuma chakavu."

Mama alinigeukia mimi.

"Keza, leta gome yako ya shule."

Nikampa ufutio wangu, ulionukia pipi. Alichomoa memori, akaisugua meno yake ya shaba taratibu, akaipuliza, akairudisha. Ukasikika mlio mmoja mfupi, kisha kioo kikawaka.

Niliamini kompyuta ilikosea hesabu, na Mama ameifutia makosa. Leo najua yalikuwa meno machafu tu.

Kesho yake darasani, rafiki yangu aliniomba ule ufutio. Nilimkatalia.

"Hii iko ya fundi," nilimwambia. "Mama yangu."