Akikuita kwa Jina, Nyamaza

Usiku ule nililala na simu kifuani, ndani ya blanketi. Kila ilipotetemeka niliruka, na kila mara ilikuwa ni lile kundi la WhatsApp la wazazi wenye watoto Sudan. Kabla alfajiri haijafika mtu akatuma orodha ya wanafunzi waliopanda basi la serikali kutoka Khartoum kwenda mpaka wa Ethiopia. Niliisoma kwa kidole, jina baada ya jina, kwa maana mimi niliishia darasa la saba na maandishi madogo hunikimbia. Nyakio hakuwemo. Nikaanza tena, kutoka chini kwenda juu. Hakuwemo.

Mume wangu, Kabiru, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa gambuti saa nzima kabla ya kukamua.

"Pengine wamemruka," akasema.

"Yule mwanafunzi mwingine, Waithaka, wamemwandika mara mbili. Nyakio wamruke?"

Akatoka kwenda kwa ng'ombe.

Nyakio ni kitinda mimba wetu, na ndiye wa kwanza katika ukoo kupanda ndege. Alipata ufadhili wa kusomea uuguzi kule Sudan, na Subukia yetu nzima ikaja kumwombea. Alikuwa mwaka wa pili vita vilipoanza. Siku ya tatu ya vita alinipigia, nikasikia risasi nyuma yake, kama mtu anayepiga gunia la mahindi kwa fimbo shamba la ng'ambo. Baada ya hapo simu yake ikazima. Siku sita sasa.

Asubuhi nilibeba maziwa hadi pale barabarani gari la maziwa huyapokea. Mama Quincy alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kama kawaida.

"Mbona macho yamefura hivyo? Wewe tulia. Huyo msichana atakuja na mkwe Mwarabu, utafute ngamia wa kumkaribisha."

Wanawake wakacheka, nami nikacheka kidogo, kwa sababu alikuwa ananihurumia kwa njia yake. Hapo hapo simu ikalia. Ilikuwa namba ya Nairobi, bwana mmoja anaitwa Sitati, ambaye ofisi yake ilikuwa inashughulikia wanafunzi hao. Nilikuwa nimempigia mara nyingi mpaka alijua sauti yangu.

"Mama Nyakio, pole. Gari lilifika mpaka kwa mlango wake. Dereva alibisha dakika kumi. Akamwita kwa majina yote matatu, vile yako kwa paspoti. Hakuna mtu alijibu. Wakaandika hayuko."

"Alimwita kwa jina?"

"Kabisa. Kwa sauti."

Niliweka mtungi chini. Mama Quincy akaushika usimwagike.

Niseme jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Siku ile ya tatu Nyakio aliponipigia, aliniuliza afanye nini, nami nikamjibu bila kufikiri hata kidogo. Nilimwambia: "Funga. Zima taa. Mtu akibisha, nyamaza. Akikuita kwa jina lako, hapo ndipo unyamaze zaidi."

"Na kama ni watu wetu, Mum?"

"Wote husema ni watu wetu."

Hayo sikuyasoma popote. Katika zile vurugu za baada ya uchaguzi wa elfu mbili na saba tulikuwa tukiishi upande wa Mau Narok, tukilima viazi katika shamba la kukodi. Usiku mmoja walikuja mlangoni wakamwita Kabiru, kwa upole, kama watu waliokuja kuomba chumvi. "Kabiru, toka kidogo, tuko na maneno." Sauti moja tuliijua. Nyakio alikuwa na miaka mitano, na nilimziba mdomo kwa kiganja mpaka akaning'ata. Hatukufungua. Wakaenda nyumba ya pili, wakamwita Njuguna kwa jina, naye akafungua kwa kuwa aliitwa na mtu aliyempa mbegu msimu uliopita. Njuguna tulimzika bila jeneza. Tangu hapo, kwetu mlango haufunguliwi kwa jina. Watoto wangu wote wanajua hivyo kama wanavyojua Baba Yetu.

Nilimpigia Sitati nikamweleza.

"Mathe, mbona hukusema hii maneno mapema?"

"Nilidhani kila mtu anajua."

"Sasa yuko ndani?"

"Kama yuko hai, yuko ndani. Yeye hunisikiza."

Alisema kesho jioni basi la mwisho lingepita mtaa ule, na dereva hangeweza kungoja, kwa maana ndani mna watoto wa watu wengine. Nikamwomba kitu kimoja: dereva akifika, aweke simu yake mlangoni, Sitati atuunganishe, niseme mwenyewe. Alisema atajaribu. Alisema tusiweke matumaini sana, mtandao wa kule ni wa kubahatisha.

Kabiru alipopata habari aliweka ndoo chini. "Kwa hivyo ni wewe umemfungia," akasema. Halafu akaongeza, polepole, "Hata mimi ningemwambia hivyo."

Kesho yake tulikaa mezani kuanzia saa nane, simu katikati yetu, imechomekwa kwa umeme. Ng'ombe walilia, hakuna aliyeinuka. Saa kumi na moja na nusu ikalia.

"Mama, dereva yuko mlangoni. Ongea."

Nilisikia upepo, honi ya basi, na viatu vya mtu kwenye saruji. Kisha ngumi juu ya chuma.

"Nyakio," nikasema. "Nyakio, ni mimi. Fungua, mama. Hawa ni watu wa serikali."

Kimya.

"Tafadhali, mtoto wangu. Ni mimi mama yako nakuomba."

Honi tena. Dereva akasema kitu kwa Kiarabu, na Sitati akasema, "Dakika mbili."

Nilijisikia nikibembeleza, na nikajua anavyonisikia yeye huko ndani: mama yake hajawahi kumbembeleza maishani. Sauti hiyo ingekuwa ya mtu aliyeshikiwa panga shingoni. Nikaacha kubembeleza. Kabiru alikuwa ameushika mkono wangu mpaka unauma. Honi ikalia mara ya tatu, ndefu, na nikasikia viatu vikigeuka.

Hasira ikanipanda, sijui ilitoka wapi.

"We Nyakio! Umekuwa kiziwi? Watu wanakungoja wewe tu, na umekaa huko kama bibi harusi! Toka hapo kabla sijakuja na mwiko!"

Viatu vikasimama.

Halafu, ndani kabisa, kitu kizito kikaburutwa sakafuni, pole pole, kama kitanda kinachosukumwa na mtu asiye na nguvu. Kikasimama. Kikaburutwa tena. Na komeo likavutwa.