Kuni Mbichi na Neno la Mrusi

Moshi wa kuni mbichi huingia puani kwanza, halafu machoni. Mpaka leo nikiusikia jikoni kwa masista hapa Kasongo, ninarudi kuwa na miaka kumi, nimekaa mkekani kwetu Kabambare, siku mama alipozikwa. Alikufa akimzaa mdogo wangu. Mtoto alibaki. Ua lilijaa wanawake, na kwetu mwanamke hafiki kilioni kimya: anaanza kulia tangu njiani, akifika anajitupa chini, anamwita marehemu kwa jina na kumuuliza watoto amemwachia nani. Mimi, binti yake wa pekee, nilitakiwa kulia kuliko wote. Sikulia. Wala sikuwa ninajizuia, naandika ukweli. Hapakuwa na kitu cha kuzuia. Nilitazama sisimizi wakikokota punje ya mpunga, nikaona wanafanya kazi nzuri.

Bibi, mama yake mama, ndiye aliyeona hatari mapema. Alinivuta karibu na moto, akasukuma ndani kuni mbichi, akaninong'oneza, "Inama hapo, mjukuu wangu. Macho yatatoa maji." Yakatoa. Lakini shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyekuja kutoka Lusangi, hakuwa mtu wa kudanganywa. Aliniinua kidevu mbele ya watu wote.

"Haya ni machozi ya moshi! Huyu mutoto iko na roho ya namna gani? Hamulilii mama yake, halafu abebe kichanga? Hapana! Kichanga ninaenda naye Lusangi, na huyu asimuguse tena."

Baba, kule walikokaa wanaume, aliinamisha kichwa. Nilielewa kila neno: nilikuwa ninanyang'anywa kitu pekee kilichobaki cha mama. Hata hilo halikunitoa chozi.

Asubuhi yake dokta alikuja kumtazama kichanga. Alikuwa mzungu wa serikali, lakini si Mbelgiji. Alikuwa Mrusi, na Kiswahili chake kilichechemea. Alinikuta nimesimama kando ya mlango. Akapitisha mkono mbele ya macho yangu, kisha akasema neno la kwao, taratibu, kama mtu anayemtambua rafiki wa zamani. Naliandika nilivyolisikia: ostolbenet.

"Ni ugonjwa?" bibi akauliza.

Dokta alikwenda kwenye nguzo ya baraza, akaipiga kwa kiganja. "Mutu anakuwa hii." Akasema neno hilo lina ndugu zake: moja ni la mtu aliyekakamaa kama aliyeshikwa na baridi kali, jingine ni la mpanda farasi anayejikuta ghafla yuko chini kwa miguu yake. Lakini langu ni la nguzo.

Wanawake wakaanza kulitafutia la Kiswahili, kama wanaochambua mchele.

"Ameshangaa."

"We! Kushangaa ni kwa ndege ikipita juu."

"Basi ameduwaa."

"Wa kuduwaa unamwita mara mbili anaitika. Huyu amepigwa na bumbuwazi."

"Amekufa ganzi," bibi akasema. "Mguu ukifa ganzi, ukichomwa mwiba hausikii. Ndiyo kusema mguu si wako?"

Shangazi alimsogelea dokta. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na wewe, dokta, hii kitu uliiona wapi?"

"Mimi." Alijigusa kifua. "Mama yangu. Nilikuwa mudogo sawa huyu."

"Ukalia lini?"

Dokta akafunga mkoba wake. "Bado."

Hakuna aliyecheka. Shangazi alimtazama, akanitazama, kisha akamchukua kichanga na kumweka mikononi mwangu. "Shika. Kichwa, shika kichwa, we mutoto!" Lusangi alirudi peke yake.

Sasa nina miaka kumi na sita. Nimesoma, ninajua maneno mengi kuliko yaliyosemwa uani siku ile, na bado sijalia. Moshi peke yake ndio unaoniliza. Likizo iliyopita mdogo wangu alitoka mtoni akicheka, na kicheko kilikuwa cha mama, kizima, hakikupungua kitu. Nikasimama na ndoo yangu, maji yakinimwagikia miguuni, nami siyasikii.

"Yaya, tembea basi!" akaniita, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu.

Akanishika kidole, akavuta kwa nguvu zake zote, kama mtu anayevuta mbuzi mkaidi. Zamani mimi ndiye niliyembeba. Mguu mmoja ukasogea.